Wikiendi ya theluji kwa pasipoti yetu

Mwaka juzi nililipia wikiendi nzima ya kuteleza kwenye theluji huko Ufaransa, nikateleza kwa muda wa saa 3 na dakika 40. Nilizihesabu ndani ya basi la kurudi uwanja wa ndege, soksi zikiwa bado mbichi ndani ya mfuko wa rambo. Sina wa kumlaumu. Kituo nilikichagua mwenyewe, tena kwa mbwembwe: Les 3 Vallées, kilomita 600 za njia za kuteleza, zote zimeunganishwa kwa lifti, unaingia bonde hili unatokea lile. Kilomita 600 ni zaidi ya Dar hadi Moshi. Mimi nililipia nauli ya Dar hadi Moshi nikaishia Ubungo.

Ilikuwa hivi. Ijumaa nilitoka zamu hapa London, nikakimbilia ndege ya usiku mpaka Geneva, nikalala hoteli ya karibu na uwanja. Jumamosi asubuhi nikapanda basi. Njia ikiwa nyeupe, kutoka Geneva hadi kule juu ni kama saa 3. Sasa, Ufaransa nyumba nyingi za wageni milimani hupangishwa Jumamosi hadi Jumamosi. Wanaoondoka wote wanashuka siku hiyo, wanaoingia wote wanapanda siku hiyo, na bonde la kupitia ni moja. Karibu na Moûtiers magari yaliganda kama Kimara saa 12 jioni mvua ikinyesha. Tulifika lifti zinafungwa. Dukani kwa vifaa vya kukodi nikapanga foleni nyingine, nikapata buti usiku. Jumapili nikateleza asubuhi, saa 7 na kitu nikawa narudisha buti zilezile, maana basi la kushuka halimsubiri mtu.

Mahali penyewe pazuri, nisiseme uongo. Ukienda wiki nzima utashukuru. Ila mimi nesi sina wiki nzima. Nina ofu za kuunganisha kwa kuwabembeleza wenzangu wa zamu. Kwa mtu kama mimi zile kilomita 600 ni mapambo. Kinachohesabika ni saa nitakazosimama juu ya theluji, kugawanya kwa hela niliyotoa. Tangu wikiendi ile, mtu akinitajia kituo cha skii simuulizi kina njia ngapi. Namuuliza: kutoka mlango wa ndege hadi lifti ya kwanza, ni muda gani?

Na kabla ya swali hilo, sisi tuna letu la mwanzo.

Ushauri mwingi wa skii umeandikwa na watu wenye pasipoti nyepesi. Wanakwambia usikate tiketi mapema, tazama hali ya hewa, Jumatano ukisikia theluji imeanguka sehemu fulani, Ijumaa uko hewani. Raha iliyoje. Mimi na pasipoti yangu ya Tanzania, pamoja na kibali changu cha kazi cha Uingereza, bado nahitaji visa ya Schengen, ile moja ya nchi nyingi za Ulaya kwa pamoja, na visa hiyo inaombwa kwa nchi utakayolala siku nyingi zaidi. Maana yake, kuchagua mlima ni kuchagua ubalozi. Ukishuka Geneva ukaenda kulala Chamonix, umeshuka Uswisi lakini ombi lako ni la Ufaransa. Kuna dada mmoja namfahamu alipata miadi ya Uswisi, halafu akaona chumba cha bei poa upande wa Ufaransa, akakichukua. Alianza upya kila kitu.

Ada ni euro 90 kwa mtu mzima tangu Juni 2024, hairudi hata ukinyimwa. Unaruhusiwa kuomba kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na kwa kawaida wana siku 15 za kukujibu, ila kabla ya hapo kuna miadi ya kupeleka karatasi na alama za vidole, na miadi ya Desemba na Januari huisha kama tiketi za basi la Krismasi kwenda Moshi. Kwa hiyo theluji ya Januari sisi tunaichagua Oktoba, jua bado linawaka, hakuna hata mtabiri anayejua kama itaanguka au la.

Hapo ndipo urefu wa mlima unapokuwa na maana kwetu kuliko kwa Mwingereza. Yeye akikuta kijiji cha mita 800 kina majani makavu, anahamia kwingine. Wewe umeshafunga ndoa. Basi usipose kijiji cha chini kisicho na mlima mrefu nyuma yake. Tafuta mahali penye barafuto, yaani barafu ya kudumu iliyolala mlimani, au angalau kijiji kilicho juu kupita mita 1,800 hivi, ili hata mwaka ukiwa mbaya usirudi na picha za tope.

Halafu bima. Kwa visa wanataka bima ya safari ya angalau euro 30,000. Ile ya bei rahisi unayonunua ili karatasi ikamilike, mara nyingi haigusi skii kabisa. Soma maandishi madogo, uone neno la michezo ya baridi limo. Nafanya kazi wodi ya mifupa. Sitaongeza neno.

Msimu uliofuata nikaamua kufanya kwa akili, na shoga yangu wa Mombasa akasema naye anakuja. Yeye hajawahi kugusa buti za skii, lakini alikuwa na hoja: Sabrina Simader, aliyeiwakilisha Kenya kwenye skii za milimani Olimpiki ya Pyeongchang mwaka 2018, ni mzaliwa wa Kilifi. “Kilifi na Mombasa ni pua na mdomo,” akaniambia. “Basi hii kitu tunayo damuni.” Nikamkumbusha kwamba yule binti alikulia Austria. Hakusikia.

Tukakaa jikoni kwangu jioni mbili tukipepeta majina.

Chamonix ndiyo ya kwanza kutajwa, maana jina lake ni kubwa. Olimpiki ya kwanza ya majira ya baridi ilifanyika pale mwaka 1924, Mont Blanc iko juu ya kichwa chako, na kutoka Geneva ni kilomita 88 tu, kama saa moja na robo kwa basi. Kwa hesabu yangu ya mlango wa ndege hadi lifti, inafaulu. Kasoro yake ni kwamba sehemu za kuteleza zimetawanyika kwenye bonde: Brévent na Flégère huku, Grands Montets kule, Le Tour mwisho kabisa, unazifuata kwa basi. Na ni mlima wa wenyewe. Gari la kebo la Aiguille du Midi linakupeleka mita 3,777, na wanaojua wanashukia Vallée Blanche, kilomita 20 za barafuto isiyo na uzio, huku wamekodi kiongozi. Kwa mgeni wa buti ni sawa na kumpeleka mtoto wa chekechea akajifunzie kuogelea mkondo wa Pemba.

Zermatt tuliipita haraka. Nzuri mno, magari ya petroli hayaingii, Matterhorn imesimama pale kama imechongwa, lakini kutoka Zurich ni saa 3 na nusu za treni na kubadilisha juu. Ukifika usiku wa Ijumaa umechoka, ukiondoka Jumapili umeikimbia. Iachie likizo ndefu. Engelberg, kwa upande mwingine, tuliibishania sana: treni inaanzia chini ya uwanja wa ndege wa Zurich, unabadilisha Luzern, kisha dakika 43 umefika kijijini, na juu yako kuna Titlis yenye barafuto inayopita mita 3,000. Treni za Uswisi hazikuvunji moyo. Bei za Uswisi zinakuvunja mgongo. Sahani ya chipsi na soseji mlimani kule, mtu unaitazama mara mbili kabla ya kuimega.

Shoga yangu akaleta Bulgaria. Ni rahisi kweli, na tangu tarehe 1 Januari 2025 imo Schengen kikamilifu, kwa hiyo visa ni ileile. Ila Bansko ni kama kilomita 160 kutoka Sofia, na ukifika kuna gari moja la kebo la kutoka mjini kwenda juu, foleni yake ya asubuhi inasifika kuliko mlima wenyewe. Borovets iko karibu zaidi, kama kilomita 70, na ingekuwa mimi peke yangu nadhani ningeijaribu. Tukaiandika pembeni.

Na Scotland? Hili wenzangu wa kibali cha Uingereza huwa wanalisahau: Cairngorm haina visa. Unalala kwenye treni ya usiku kutoka stesheni ya Euston hapa London unaamkia Aviemore. Hakuna miadi, hakuna alama za vidole, na pale ndipo mahali pekee tunapoweza kufanya kama wale wa pasipoti nyepesi, kusubiri mpaka Jumatano. Lakini mlima wenyewe ni mita 1,245, na upepo wa kule ukiamua lifti hazitembei, hazitembei. Ni mpango wa akiba, na mpango mzuri wa akiba.

Tukaishia Innsbruck, Austria. Sababu iliyonivuta haikuwa njia wala urefu. Nilifungua ramani nikaona uwanja wa ndege uko kilomita 4 kutoka katikati ya mji. Nne! Kama Moshi mjini hadi KCMC. Unatoka, unapanda basi la mji la namba F, dakika 20 hivi umefika. Na ule si uwanja ulio karibu na kijiji kimoja cha skii. Ni mji kamili wenye chuo kikuu na hospitali na maduka, umezungukwa na milima, na kutoka mjini mabasi ya skii yanakwenda pande zote asubuhi. Ukilala hotelini usiku 2 na kuendelea wanakupa kadi ya wageni, unapanda mabasi bila kulipa. Theluji ikigoma kwenye mlima mmoja unahamia mwingine bila kuhama chumba. Kama yote ikigoma, barafuto ya Stubai iko mwendo wa saa moja hivi kwa basi, na inafika mita 3,210. Kwa mtu aliyechagua Oktoba, hiyo ndiyo bima yenyewe.

Historia ya mji imenifundisha kwamba wasiwasi wangu hauna ushamba. Olimpiki ya 1964 ilipofanyika hapo, theluji ilikosekana, jeshi la Austria likaibeba kutoka juu likaishusha kwenye njia za mashindano. Kama wao wenyewe walibeba, mimi nani nisiulize?

Una kasoro zake pia. Uwanja umebanwa bondeni, na kuna upepo wa joto unaotoka kusini, wenyewe wanauita Föhn, ukishuka kwa nguvu ndege huelekezwa Munich au Salzburg. Kutoka Munich ni basi la saa 2 na nusu hivi, siyo msiba, lakini weka kichwani. Tena usiende wiki za katikati ya Februari kama hulazimiki. Shule za Ulaya zimefungwa, bei zinapanda na foleni nazo. Sisi tulichukua katikati ya Januari. Baada ya tarehe 6, sikukuu zikishakwisha, milima inapumua. Baridi ni kali na lifti zinafungwa saa 10 jioni, ila chumba tulikipata kwa bei ya kibinadamu.

Nguo tuliazima. Koti nililonalo, hata hivyo, lina hadithi yake. Nimekulia Moshi. Theluji nimeiona kila mlima ulipofunguka asubuhi, tangu niko chekechea, na sikuwahi kuigusa mpaka nimefika Uingereza. Mjomba wangu alikuwa mpagazi wa mlimani, na makoti yake ya kupandia aliyanunua mitumba ya soko la Memorial. Moja, la bluu, ndilo hili nililonalo, lilikuja na kikaratasi kigumu kimening'inia kwenye zipu, kina picha ya mlima na maandishi ya Kijerumani. Alikiacha hapohapo miaka yote akidhani ni nembo ya kampuni. Nilikuwa nimeshakuwa mtu mzima, nimesimama kwenye foleni ya lifti Ufaransa, ndipo nikaelewa kile kilikuwa nini: tiketi ya lifti ya mtu, ya siku moja, imeshapitwa na wakati.

Jumamosi tukaenda Kühtai, kwa sababu kijiji chenyewe kiko mita 2,020 na kina miteremko ya wanafunzi. Shoga yangu akaingia darasani na watoto wa miaka 6 waliokuwa wakimpita pembeni kama nyuki. Nami nikateleza njia za buluu mpaka mapaja yakatetemeka. Kwa wageni: Ufaransa njia rahisi kabisa ni kijani, Austria hakuna kijani, buluu ndiyo mwanzo. Usione buluu ukadhani umepandishwa darasa. Saa 6 mchana nikamkuta mwenzangu amekaa chini, skii zimeelekea Mombasa na miguu imeelekea Nairobi, anacheka machozi yanamtoka. Jioni alishuka mteremko mzima bila kuanguka, akaniamuru nimpige video, na bahati mbaya simu yangu ikazima kwa baridi. Mpaka leo hajanisamehe. Simu iweke mfuko wa ndani, karibu na mwili, usifanye kama mimi.

Jumapili asubuhi tukaacha mabegi hotelini tukapanda basi la mji mpaka Patscherkofel, ule mlima aliposhindania Mwaustria Franz Klammer mwaka 1976 akachukua dhahabu ya Olimpiki mbele ya watu wa kwao. Basi la mji, nasema, lenye bibi na kikapu chake cha sokoni ameketi kiti cha mbele, nawe umeshika skii. Saa 3 na nusu nilikuwa juu. Saa 7 nikashuka. Nikijumlisha na Jumamosi, nilipata saa 8 na dakika 50 za theluji. Safari yote, pamoja na pasi za lifti na vifaa vya kukodi, ilikuwa pungufu ya ile ya Ufaransa.

Muda uliobaki kabla ya ndege ya jioni tukapanda Nordkette, bila skii. Unaanzia katikati ya mji, kituo cha reli ya Hungerburg kilichochorwa na Zaha Hadid, yule mama wa Baghdad, kina paa kama barafu inayoyeyuka. Dakika 8 uko Hungerburg, unahamia gari la kebo, mara umefika Seegrube mita 1,905, na mji mzima uko chini ya viatu vyako. Juu zaidi, Hafelekar, kuna njia yenye mteremko wa asilimia 70. Tuliitazama tukiwa na chai mkononi, na hapo ndipo mahali pake panapotufaa.

Nikampigia mjomba kwa video.

“Shikamoo mjomba.”

“Marahaba, mama. Uko wapi huko, mbona upepo?”

Nikamzungushia kamera. Akatazama kimya, kama anavyotazama fundi kazi ya fundi mwenzake. Nikamwambia huu ndio mji alikozaliwa Purtscheller. Jina hilo analijua, maana kilele kimoja cha Mawenzi kinaitwa hivyo, na amekitaja kwa wageni miaka 20 bila kujua mwenye jina alikuwa nani. Ludwig Purtscheller, mwalimu, alizaliwa Innsbruck tarehe 6 Oktoba 1849, na tarehe 6 Oktoba 1889, siku anayotimiza miaka 40, akafika na Hans Meyer kileleni Kibo. Marangu watakutajia pia Yohani Kinyala Lauwo, anayekumbukwa kama kiongozi wa safari ile.

Mjomba akauliza hicho kibanda kinachopita nyuma yangu ni nini. Nikamwambia ndilo gari la kebo, na kutoka mjini mpaka juu ni dakika 20 hivi. Mwaka 2019 serikali yetu ilipozungumzia kuweka kitu kama hicho Kilimanjaro, yeye na wenzake walipinga, na alikuwa na haki: mgeni akipanda kwa siku 6 anahitaji wa kumbebea, akipanda kwa dakika 20 hamhitaji mtu. Nilidhani atanirudishia mada ile. Akauliza tu, “Na hao wanaobeba hizo mbao za miguuni, wanalipwaje?” Nikamwambia kila mtu anabeba zake. Akacheka mpaka simu ikatikisika.

Chini yetu uwanja wa ndege ulikuwa unaonekana wote, mstari wa kijivu katikati ya nyeupe. Shoga yangu akaonyesha ndege iliyokuwa inashuka: “Yetu hiyo. Maliza chai.”

Visa walizotupa zilikuwa za kuingia mara moja, siku za safari yetu tu na chache za ziada, kwa hiyo Oktoba ijayo tunaanza tena na miadi. Yeye ameshafungua fomu kwenye kompyuta. Penye nchi kuu ya safari ameandika Uswisi, akakumbuka bei ya soseji, akafuta. Kwa sasa pako wazi.